Pindo la Shati la Merle Confer

Katika kambi ya wawindaji ya ukoo wa Rishel, milimani katikati ya Pennsylvania, mtu pekee asiyekuwa na bunduki ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote. Huyo alikuwa Merle Confer, mpishi. Alfajiri ya siku ya kwanza ya msimu wa kulungu, kabla ya jua kufika kwenye vilele, alikuwa akigonga sufuria kwa mwiko na kuwaamsha watu wazima kama watoto wa shule.

"Amkeni, enyi wauaji! Kulungu wameshakunywa chai, ninyi bado mnakoroma!"

Walimtukana wakiwa ndani ya blanketi, kisha wakanyanyuka, kwa sababu harufu ya nyama ya nguruwe na viazi vya kukaanga ilikuwa imeshawashinda. Waliposhiba wakavaa vizibao vyao vya rangi ya chungwa na kuteremsha bunduki zao ukutani. Merle naye akavaa kizibao chake, akachukua fimbo. Kazi yake msituni ilikuwa kupita katikati ya vichaka akipiga makelele ili kulungu wakimbilie upande waliko wenzake. Kwa miaka mingi alifanya hivyo, na hakulalamika hata mara moja.

Sababu ya kutoshika bunduki ilikuwa ya zamani. Kiwanda cha matofali cha bondeni kilipofungwa, Merle alikuwa kijana aliyetoka kuoa. Usiku mmoja yeye na mwenzake wa kazi waliingia ndani ya kiwanda kile kitupu, wakang'oa nyaya za shaba na kuziuza. Walikamatwa mapema, maana wezi wasio wazoefu hawajui kuficha. Wizi ni wizi, na hapa hautapewa jina zuri zaidi ati kwa kuwa mwenye kiwanda alikuwa ameshawatupa watu. Merle mwenyewe hakuwahi kuupamba. Alikiri, akalipa alichoiba, akapewa kifungo cha nje na kukimaliza. Hakulala jela hata usiku mmoja.

Lakini sheria ya serikali kuu haiangalii adhabu uliyopewa. Inaangalia adhabu ambayo ungeweza kupewa. Kama kosa lako lingeweza kukupeleka gerezani zaidi ya mwaka mmoja, basi bunduki si halali yako tena, leo wala uzeeni. Jimbo lake halikuwa na neno naye. Ni serikali ya Washington iliyoweka mkono wake pale, na mkono huo haukuondoka.

Merle alitii. Aliuza bunduki aliyoachiwa na baba yake, akapata kazi ya kuendesha lori la kusukuma theluji la kata, akaishi. Asubuhi za baridi kali watu walipoamka na kukuta barabara imeshafunguliwa, walijua nani amepita. Wajane aliwafungulia mpaka mlangoni, jambo ambalo kata haikumruhusu kulifanya, na kila mtu alijifanya hajui. Mke wake, Arlene, alikuwa dada wa Dutch Rishel, mwenye kambi. Kwa hiyo Merle na Dutch walikuwa mashemeji, na walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, bila huruma na bila kupumzika.

Siku iliyoleta balaa ilikuwa na barafu. Dutch, ambaye goti lake lilikuwa limeanza kumsaliti, alikuwa akirudi na Merle kupitia mpaka wa shamba la jirani, mahali penye ua wa seng'enge. Watoto wa pale hufundishwa jambo moja kabla ya kufundishwa kulenga: usivuke ua na bunduki mkononi. Toa risasi, mpe mwenzako, vuka, kisha akupe. Kwa kuwa mwenzake alikuwa Merle, kwa miaka yote Dutch aliegemeza bunduki kwenye nguzo badala ya kumpa. Siku hiyo vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, risasi hakuzitoa, na hilo ni kosa lisilo na udhuru. Alipanda waya, mguu ukateleza, suruali ikanasa, na bunduki ikaanza kumponyoka.

"Shika! Shika, shemeji, inaanguka!"

Merle akaidaka. Mtu gani angeiacha bunduki yenye risasi ianguke kwenye barafu? Hapo alipaswa kuiweka chini taratibu na kumnasua shemeji yake. Na angefanya hivyo, kama dume la kulungu lenye pembe pana kama kiti cha kubembea lisingetokea kwenye uwazi na kusimama likiwatazama.

Dutch, akiwa amening'inia kwenye waya kama nguo iliyoanikwa, alinong'ona, "Piga."

"Dutch, mimi siwezi—"

"Piga, wee! Linaondoka!"

Akapiga. Kwa muda wa pumzi moja alikuwa tena kijana wa baba yake, na shavu lake lilikumbuka ubaridi wa mbao ya bunduki. Kisha theluji ikaruka pembeni mbali na mnyama, na dume lile likaondoka bila haraka, kana kwamba limetukanwa tu.

"Merle," Dutch alisema kutoka kwenye waya, "umelikosa kwa upana wa ghala la nyasi."

"Na wewe umenaswa na waya kama kuku. Tusemane?"

Katika kambi zile, anayekosa kulungu hukatwa pindo la shati lake, likapigiliwa misumari ukutani na jina lake juu yake. Ukuta wa akina Rishel umejaa mapindo ya miaka mingi. Jioni ile Dutch hakuweza kunyamaza. Wanaume walimkamata Merle karibu na jiko, yeye akipiga kelele kwamba maharage yataungua, wakamkata pindo la shati la miraba ambalo Arlene alikuwa amemnunulia, wakaandika kwa kalamu nene: MERLE, DUME, UPANA WA GHALA. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Hakuna aliyefikiria sheria. Merle peke yake, alipokuwa akiosha vyombo, alisimama kidogo na sahani mkononi. Asubuhi yake alimwendea askari wa wanyamapori wa jimbo, akaeleza kwamba amefyatua risasi bila leseni ya kuwinda, akapokea faini yake. Alidhani deni lake limekwisha.

Binti wa Dutch ndiye aliyeupiga picha ukuta ule na kuiweka mtandaoni, kwa mapenzi tu, akiandika kwamba hata mpishi amepata pindo lake. Jirani mmoja mwenye ugomvi wa mpaka na akina Rishel akaiona, akapiga simu. Majira ya kuchipua majani, afisa wa serikali kuu aliyevaa koti safi alisimama mbele ya mlango wa Merle.

"Bwana Confer, naomba nikuulize. Hili ni shati lako?" Akamwonyesha picha kwenye simu.

Merle alitazama, akaanza kucheka. "Ni langu. Arlene! Njoo uone, shati lako limekuwa maarufu!" Kisha akamkaribisha yule afisa jikoni, akammiminia kahawa, akamsimulia yote: ua, barafu, shemeji aliyening'inia, dume, risasi. Aliigiza hata namna Dutch alivyopepesuka. Afisa alicheka pia, kwa uungwana, na akaandika.

Arlene alikuwa amesimama kando ya jokofu. Yeye hakucheka. Mgeni alipoondoka alimuuliza mumewe, "Unajua ulichomwambia yule?"

"Ukweli."

"Umemwambia kosa la jela, Merle. Umemwambia na kumwongezea sukari."

Shtaka lilikuja. Kuwa na bunduki hali akijua kwamba aliwahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa. Merle hakuwa na uwezo wa kuajiri wakili, akapewa wa kumtetea bila malipo, mwanamke mmoja mfupi mwenye sauti kavu aitwaye Teresa Wojcik. Alikuja kambini mwenyewe kuona ukuta. Wanaume walikuwa wamekusanyika wakimsubiri, na Dutch alikuwa ameandaa hotuba.

"Mama wakili, hapa hakuna kesi. Huyu hakumiliki bunduki. Bunduki ni yangu, ya babu yangu! Merle hata kisu cha kukatia siagi anaazima."

"Sheria haiulizi bunduki ni ya nani, Bwana Rishel. Inauliza ilikuwa mikononi mwa nani."

"Kwa dakika moja?"

"Hata kwa dakika moja."

Dutch akakuna kidevu. "Na hao wa Washington wanaingiaje? Huu ni msitu wetu, ua wetu, kulungu wetu na mjinga wetu."

Teresa aliketi kwenye benchi. "Hilo ndilo swali zuri kuliko yote utakayouliza leo. Serikali kuu haina mamlaka juu ya kila kitu. Ina yale tu iliyopewa na Katiba. Kumwadhibu mtu kwa kushika kitu si mojawapo. Kwa hiyo wanapitia mlango wa biashara. Katiba inawapa mamlaka juu ya biashara kati ya majimbo. Bunduki yako ilitengenezwa wapi?"

"Connecticut."

"Basi ilivuka mpaka wa jimbo kuja huku. Kwao, hilo linatosha."

"Ilivuka mara moja, babu yangu akiwa hajaota ndevu! Tangu hapo haijavuka hata barabara!"

"Najua. Nitamwambia jaji hivyo hivyo. Lakini mahakama za juu zimeshaukubali mlango huo mara nyingi. Sina matumaini makubwa hapo. Matumaini yangu yako kwingine. Katiba inalinda haki ya raia kuwa na silaha. Serikali ikitaka kumnyang'anya mtu haki hiyo maisha yake yote, ionyeshe kwamba nchi hii tangu zamani imekuwa na desturi ya kuwanyang'anya watu kama yeye. Watu wa hatari, sawa. Je, Merle ni mtu wa hatari?"

"Ukila maharage yake mara mbili, ndiyo," alisema mmoja, na wakacheka, hata Teresa.

Alipotoka kwenda kupiga picha ule ua wa seng'enge, Dutch alifunga mlango. Sasa sauti ilishuka.

"Sikilizeni. Pindo ni utani. Mimi ndiye niliyepiga, nikakosa, nikaona aibu, tukamsingizia mpishi. Sote tutasema hivyo. Nani atatupinga? Yule dume?"

Wanaume waliitikia kwa vichwa. Walikuwa watu wema, wazee wa kanisa wawili kati yao, na walikuwa tayari kuweka mikono yao juu ya Biblia na kudanganya kwa ajili ya rafiki. Upendo ukikosa mpaka huwafanyia watu hivyo, tena huwafanyia walio bora zaidi kati yetu.

"Hapana," alisema Merle.

"Shemeji, unaweza kwenda jela! Dada yangu macho yake hayamruhusu kuendesha gari. Nani atampeleka kwa daktari?"

"Wewe. Au mkeo. Lakini hutamwambia jaji uongo kwa sababu yangu. Nilikuwa mwizi mara moja. Sitaki kuwa mwizi na shahidi wa uongo, tena niwabebe na ninyi."

"Basi kubali ile ofa yao! Ukikiri, hakuna jela, mama wakili amesema."

Ni kweli kwamba serikali ilikuwa imemwekea ofa mezani. Akiri kosa, apewe tena kifungo cha nje, mambo yaishe. Merle alikuwa ameifikiria kwa siku nyingi akiwa amekaa barazani na Arlene.

"Nimeshakiri," alisema. "Niliishika. Nilipiga. Hilo nalisema popote. Wanachotaka nikubali ni jambo jingine: kwamba mimi ni mtu ambaye nchi lazima ijilinde naye mpaka afe. Hilo si kweli, Dutch. Nikilikubali ndipo nitakuwa nimesema uongo."

Dutch akaenda kuufungua mlango aliokuwa ameufunga.

Uamuzi ule ulimpa Merle usingizi mbaya. Ukweli huwa hauji na mto wa kulalia. Arlene alimsikia akigeuka kitandani, na asubuhi moja akiwa anamkata nywele jikoni alimwambia, "Kama unafanya hivi ili niseme wewe ni jasiri, nimeshasema. Sasa kubali ofa, ubaki nyumbani."

Merle alimgusa mkono uliokuwa umeshika mkasi. "Ukiniambia kwa kweli, nitakubali."

Arlene aliendelea kukata. Nywele zikawa zinaanguka. "Siwezi kukuambia," alisema mwishowe. "Ningetaka, lakini siwezi. Kaa wima, usinifanye nikukate sikio."

Mahakamani, mwendesha mashtaka alikuwa kijana aitwaye Halloran, mwenye adabu na mafua. Jaji alikuwa mwanamke mzee asiyependa hotuba. Alimsikiliza Teresa, kisha akamgeukia Halloran.

"Bwana Halloran, kwa hoja yako ya biashara, kuna kitu gani ndani ya nyumba ya mtu ambacho serikali kuu haiwezi kukifanya kuwa kosa? Viatu vyangu vimevuka mipaka ya majimbo. Pengine hata kifungua kinywa changu."

Halloran alipenga kamasi. "Mheshimiwa, mahakama za juu zimeshaamua kwamba inatosha."

"Zimeamua. Nami ninafungwa na uamuzi wao, na hoja hiyo ya utetezi naikataa. Hapo umeshinda, ingawa usijisifu sana. Sasa niambie hili la pili. Tukimwachia mtu huyu haki yake, unaogopa atafanya nini?"

Halloran alitazama karatasi zake, kisha akamtazama Merle, aliyekuwa amekaa na shati lililopigwa pasi, mikono juu ya magoti.

"Mheshimiwa, msimamo wa serikali ni kwamba si kazi ya mahakama kupima mtu mmoja mmoja. Bunge limechora mstari."

"Nimeuliza unaogopa nini."

"Kuhusu Bwana Confer mwenyewe?" Aliziweka karatasi chini. "Sina jambo mahususi, Mheshimiwa. Nalazimika kusema pia kwamba kila alichotueleza tumekikuta ni kweli."

Kuna wanaodhani kwamba kupenda sheria ni kuiacha ifike popote inapotaka kufika. Si hivyo. Katiba ni sheria pia, nayo ndiyo iliyowahi kufika kabla ya zote. Anayemtaka raia asivuke mpaka wake lazima na yeye akubali kusimama kwenye mpaka wake. Halloran alijibu kwa uaminifu siku ile, naye anastahili heshima kubwa.

Majuma kadhaa baadaye jaji alisoma uamuzi. "Mahakama haisemi kwamba wizi wa nyaya ni jambo dogo," alianza, na Merle akatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, mpaka Teresa akamgusa kiwiko. Jaji akaendelea: serikali haikuonyesha desturi yoyote ya nchi ya kumnyang'anya silaha maisha yake yote mtu aliyeiba bila kumdhuru yeyote, akalipa, akaishi kwa amani tangu hapo. Kwa mtu huyu, sheria ile ilivuka Katiba. Shtaka likafutwa.

Dutch aliruka pale alipokaa, akasahau goti, akakaa tena akigumia. Kwenye ukumbi wa nje alikuwa bado akishangilia. "Imekwisha! Sasa waifute yote! Kila mtu na bunduki yake, na Washington wakae kwao!"

Wakati huohuo mlango wa pembeni ulifunguliwa, na mwanamume mwenye pingu akapitishwa na walinzi wawili. Kila mtu mjini alijua kesi yake. Alikuwa amemvunja mkewe taya, kisha akapatikana na bastola akizunguka mtaa aliokimbilia mkewe.

Merle alimngoja apite. "Na huyo pia, shemeji?"

Dutch alitazama viatu vyake. "Huyo hapana."

"Basi usipige kelele kwamba yote ifutwe. Jaji amesema mimi. Hakusema kila mtu."

Halloran aliwafikia kwenye ngazi, leso mkononi. "Bwana Confer, nataka usikie kutoka kwangu. Tutakata rufaa."

"Kata, mwanangu. Ndiyo kazi yako. Na unywe kitu cha moto, kifua hicho kinanitisha kuliko rufaa."

Rufaa ilichukua mwaka na zaidi, na Teresa alimweleza wazi kwamba katika muda huo hakuna amri inayomzuia. Dutch alimletea bunduki mara tatu, akaiweka juu ya meza ya barazani kama mtu anayemjaribu mtoto kwa keki. Merle aliifunika kwa gazeti.

"Jaji ameshasema ni haki yako!"

"Na majaji watatu wa rufaa bado hawajasema. Nitangoja."

"Una kichwa kigumu kama mama yako."

"Mwache mama yangu. Alikupikia mara nyingi kuliko wako."

Teresa alipopiga simu, Merle alikuwa nyuma ya nyumba akimsaidia Arlene kupanda vitunguu. Majaji watatu walikuwa wamekubaliana na yule mmoja, na serikali haikutaka kwenda mbele zaidi. Merle alisema asante, akasema asante tena, akaiweka simu mfukoni bila kuizima, hata Teresa aliendelea kusikia kwa muda sauti za watu wawili wazee na jembe.

"Nini?" Arlene aliuliza, maana macho yake hayakumwonyesha uso wa mumewe vizuri.

"Wamesema ndiyo."

"Unalia?"

"Ni vitunguu."

"Merle, tunavipanda. Hatujavikata."

Alicheka, akapiga magoti kwenye udongo, na Arlene akapapasa hewani mpaka akalipata bega lake, akalishika. Walikaa hivyo mpaka jua lilipowachoma shingo. Kisha Arlene akamwambia amalize mstari wake kabla mvua haijaja, naye akaumaliza.